Mgeni wa Mwenyekiti

Jumatatu, 6 Oktoba

Nepi hazijakauka. Ukungu wa huku Dundori haujali mtu. Nimezitundika juu ya jiko na chumba chote kinanuka moshi, mkojo na uji. Nimeshazoea. Hata napenda.

Mume wangu ameota jino. Moja, la chini. Nimelijua aliponiuma kidole. Nimepiga kelele mpaka mwalimu wa Kemia akachungulia dirishani akidhani kuna nyoka.

Mume mwenyewe ana miezi minane. Ni mtoto wa Mumbi, mjukuu wangu ambaye nimemlea tangu mama yake afariki. Kwa vile mimi na mzee wangu ndio tuliokuwa wazazi wa Mumbi, mtoto alichukua jina la mzee. Njuguna. Kwetu jina haliji peke yake, linakuja na mtu mzima mzima. Kwa hivyo namwita mume wangu, na akinikojolea namgombeza kama mume. Yule wa kwanza alinibeba kwa baiskeli hadi nikazeeka. Huyu nambeba mimi. Sawa tu.

Wenzake humu ndani, stoo ya zamani ya shule ninamowalea, ni wawili. Chebet, msichana, analia akiona mtu mwenye kofia. Na mtoto wa Akinyi, jina lake la kanisani ni Emmanuel, lakini tunamwita Tani kwa sababu ya uzito. Mama zao wote wako darasani. Kengele ya chai ikilia wanakuja mbio kunyonyesha, sare imepinda, kalamu iko kwenye nywele. Kisha wanarudi mbio.

Mkono unauma kuliko siku ya kupalilia. Sikusoma hata siku moja. Herufi nilifundishwa na hawa wasichana, hapa hapa, watoto wakilala. Prinsipo, mkuu wa shule, akasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usisahau. Leo nimezidisha.


Jumatano, 8 Oktoba

Prinsipo amekuja asubuhi akinuka dizeli. Alikuwa kule malori ya waru, yaani viazi, yanapopakiwa. Vijana wawili wa kidato cha tatu walikuwa wameacha shule kubeba magunia. Waru zimejaa msimu huu na kila lori linataka mgongo.

Amewatoa. Soja wa getini alikuwepo, amenisimulia akishika mbavu. Dereva alimwambia Prinsipo, "Mathe, hawa ni watu wazima, wako kazini." Akamjibu, "Hata mimi niko kazini. Kazi yangu ni hao." Akapanda juu ya lori na sketi yake na gambuti zake, akakaa juu ya magunia, akasema gari likiondoka na wao liondoke na yeye pia, akauzwe sokoni pamoja na waru. Wale vijana walishuka kwa aibu na kicheko. Saa ya chai nimewaona darasani. Mmoja bado ana vumbi la gunia shingoni.

Anaitwa Madam Nekesa. Babu yake alikuja Nakuru na kazi ya reli, akabaki. Mfupi. Sauti kama honi. Watoto ambao shule zingine zimechoka nao, yeye anawatafuta mpaka awapate.

Mumbi alipojifungua mimi nilijua shule imekwisha. Ningejuaje kwamba mtu anaweza kurudi? Prinsipo akapanda mlima hadi kwangu, mvua inapiga. Hakumuuliza Mumbi hata swali moja. Aliniuliza mimi, "Shosho, unajua kulea?" Nikakasirika. Nikamwambia nimelea watoto, wajukuu na mbuzi aliyefiwa na mama. Akasema, "Basi kazi unayo. Na Mumbi dawati analo." Akamaliza chai akaenda zake.

Nampenda huyo mwanamke. Namwogopa kidogo pia.


Jumamosi, 11 Oktoba

Jumamosi ya Prinsipo. Anawachukua wale ambao wako karibu kupotea, wa malori, wa bangi, wasichana wenye watoto, anawapeleka kufanyia watu kazi. Hataki malipo. Anasema mtoto ambaye kijiji kizima kimemwita mbaya anahitaji kijiji hicho hicho kimwone akifanya kitu kizuri kwa macho yao.

Leo ilikuwa kuezeka bati kwa mjane mmoja kule juu. Mumbi alikuwa kwenye paa, misumari mdomoni. Mimi chini na Njuguna mgongoni, natoa amri. Hakuna aliyenisikiza.

Kisha pikapu ya Mwenyekiti ikapita. Mzee Gacheru, mwenyekiti wa wazazi. Akateremsha kioo. "Kwani hii ni shule ama ni kampuni ya mafundi?"

Prinsipo akacheka. "Mwenyekiti, shuka utushikie ngazi."

Hakushuka. Akamwangalia Mumbi juu, akaangalia leso mgongoni mwangu. Akasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba ile stoo ya shule ilijengwa iwekwe mbegu za waru, haikujengwa ili wasichana waone kwamba mtu akizaa analelewa mtoto bure akisoma. Kwamba ataongea na kamati.

Mumbi alimaliza msumari aliokuwa akiupiga. Akashuka ngazi polepole.

Nimeudhika mpaka masikioni. Gacheru na mzee wangu walikuwa wakini, yaani rika moja. Walitahiriwa pamoja, wakalima pamoja, wakabishana juu ya ng'ombe mmoja maisha yao yote. Kwa mazishi ya mzee, Gacheru alilia kuliko mimi. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Mtoto hajawahi kumwona uso.


Jumanne, 14 Oktoba

Kamati imekaa. Prinsipo amenieleza mwenyewe, amesimama mlangoni na Chebet mkononi. Mwenyekiti anataka chumba kifungwe. Wengine wanasitasita. Wameitisha mkutano wa wazazi wote, Jumanne ijayo. Prinsipo ameomba wasubiri mpaka mtihani wa kidato cha nne uishe. Hawajakubali wala hawajakataa. Kuna mtu amesema pia huenda shule inahitaji prinsipo mwingine. Hilo alilisema haraka, kama anayetema mbegu ya chungwa.

Mtihani unaanza mwezi ujao. Mumbi ni wa kidato cha nne.

Hesabu yangu ni hii, na hata mtu asiyesoma anaiweza. Kwangu ni mbali, ng'ambo ya matuta. Njuguna hataki chupa, hataki kikombe, hataki kijiko. Anamtaka Mumbi tu. Nikibaki naye nyumbani atalia kutwa mpaka augue. Mumbi akibaki naye, hakuna mtihani.

Jioni Mumbi amesema ataenda Naivasha kukata maua kwenye yale mashamba makubwa. Ati kuna mtu amemwambia wanaandika watu kazi. Amesema akiangalia sahani.

Nimemwambia amalize ugali kwanza. Nina hofu. Naandika hivyo, nina hofu.


Alhamisi, 16 Oktoba

Siku! Acha niandike yote, hata mkono ukatike.

Tumefika asubuhi, kufuli mlangoni. Jipya, linang'aa. Nepi ziko ndani. Sufuria ya uji iko ndani. Manyunyu yanaanguka. Soja anasema Mwenyekiti mwenyewe alikuja alfajiri akafunga, akaweka funguo mfukoni. Mkutano hajaungoja. Prinsipo yuko mjini, ameenda kwa ofisi ya elimu kutetea hao hao wasichana.

Wasichana wameanza kulia. Nikawaambia ingieni darasani, machozi mtalia saa ya mapumziko. Wakaniangalia. Nikasema, "Mnangoja nini? Ama nitoe kiboko?" Sina kiboko. Wakaenda.

Halafu nikafikiria. Nilifikiria kwa muda mfupi sana, nakubali.

Njuguna mgongoni. Chebet kifuani. Tani nikamtia kwenye wilbaro ya shule, nikamfunika na gunia safi, na Soja akasukuma huku akilalamika ati atafutwa kazi. Tukavuka barabara. Boma la Gacheru liko hapo tu, mkabala na geti la shule.

Nikasimama getini kwake nikaita kwa heshima yote, "Hodi! Wakini wako Njuguna amefika. Anauliza kama uko."

Mke wake, Mama Wahu, ndiye aliyetoka. Akaona mtoto. Akauliza, "Njuguna?" Nikasema, "Njuguna." Akapiga vigelegele mle mle kwenye mvua.

Kwetu mtu hamfukuzi wa rika lake getini. Anamkaribisha, anamkalisha, anamtia kitu mdomoni. Na jina likija kwako mara ya kwanza haliondoki mikono mitupu. Gacheru anajua hayo kuliko mimi. Yeye ndiye huwafundisha vijana kwenye sherehe.

Alikuwa mezani, chai mbele yake. Alipotuona alisimama.

"Hii ni hila, mama."

"Hapana hila. Ni mgeni."

"Huyu ni nani?"

"Njuguna."

"Njuguna gani?"

"Kwani wewe ulikuwa nao wangapi?"

Akakaa. Hakukaa kama mwenyekiti. Nikamweka mtoto magotini pake kabla hajafikiria. Njuguna akamtazama kwa makini, akashika ndevu, akavuta. Kisha akamlowesha suruali yote.

Mama Wahu akaziba mdomo na leso.

Gacheru akaangalia suruali, akaangalia mtoto. "Njuguna," akasema. "Hata zamani hukuwa na adabu."

Akamvuta mtoto karibu, suruali imelowa hivyo hivyo. Nilijifanya natafuta kitambaa.

Lakini yule mzee ni mgumu. Alimpa Njuguna kuku, tetea mweusi, mzuri. Alimpa uji kwa kijiko na Njuguna akaukubali! Mimi amenikataa mwezi mzima. Kisha akasema, "Huyu nimemkaribisha. Hawa wengine siwajui." Na funguo akakataa kutoa.

Nikamwambia mgeni huja na wenzake. Mama Wahu hata hakungoja tumalize kubishana, tayari alikuwa na Tani jikoni. Chebet alimwona Gacheru ana kofia, akalia. Gacheru akaivua. Sijawahi kumwona bila kofia isipokuwa kanisani.

Kengele ya chai ikalia. Wasichana watatu wa sare wakavuka barabara mbio, wakaingia sebuleni kwa Mwenyekiti, wakakaa kwenye viti vyake vya vitambaa vyeupe, wakanyonyesha. Yeye akasema anaenda kuona ng'ombe. Ng'ombe aliwaona mpaka jioni.

Nimecheka njia nzima kurudi. Mumbi pia. Ni mara ya kwanza wiki hii.


Ijumaa, 17 Oktoba

Prinsipo ameniita ofisini. Nimekaa kwenye kiti cha watoto watundu.

Alikuwa amekasirika kweli. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya. Amesema alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuongea na wanakamati, mmoja baada ya mwingine, na walikuwa wanaanza kulainika. Sasa hadithi ya wilbaro imefika sokoni. Watu wanasema Prinsipo anatuma vikongwe kuvamia nyumba za watu.

"Shosho, umenivurugia."

Nikataka kujibu. Nilikuwa na jibu zuri. Kisha nikaona macho yake, hajalala huyu. Nikameza jibu. Halikushuka vizuri.

Ameniambia nisivuke ile barabara tena. Nikasema sawa.

Sijui kuomba radhi. Mdomo wangu haukuumbwa hivyo. Nilikuwa na yule tetea kwenye kiondo, nikamwambia achukue. Akakataa. Nikamwacha hapo kwenye meza, nikatoka nimefunga mlango.

Nikamkuta Mama Wahu getini. "Mbona hamjaja? Uji unapoa." Akachukua Tani kutoka kwa mikono yangu akavuka naye barabara.

Mimi sikuvuka. Nilimfuata Tani.


Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Shule imefungwa. Mvua ya wikendi imekata barabara ya juu, kalvati, ile njia ya maji chini ya barabara, imejaa tope na mawe, malori hayapiti, waru za watu zinalala shambani.

Prinsipo amewaita wale wake. Wamekuja wote, hata wale wawili wa lori. Hao ndio waliobeba mawe makubwa. Mmoja akamwambia mwenzake, "Niaje, leo tunabeba bure?" Mwenzake akasema, "Nyamaza, Madam anabeba." Na kweli Prinsipo alikuwa ndani ya mtaro, tope hadi magotini, anachimbua na jembe akiimba nyimbo za kanisa lao kwa sauti ambayo Mungu peke yake anaweza kuisamehe.

Mimi nilipika githeri, mahindi na maharagwe, kando ya njia. Hatukuongea, mimi na yeye. Tangu Ijumaa hatujaongea.

Jioni maji yakaanza kupita. Malori yakapiga honi. Madereva wale wale. Yule wa "Mathe, wako kazini" akateremka akampa Prinsipo mkono, mkono wake ukatoka na tope.

Prinsipo akaja kwenye sufuria. Akala amesimama. Akaninyooshea sahani.

"Shosho, ongeza."

Nikaongeza. Nikaweka nyama yote iliyokuwa imebaki chini.

"Kuku wako ametaga," akasema. "Kwenye trei ya barua za ofisi ya elimu."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye pia.


Jumanne, 21 Oktoba

Mkutano. Wazazi walijaa uwanja mzima, wengine juu ya ukuta. Nilikuwa mstari wa mbele. Prinsipo alisema nikae karibu naye aweze kunichunga.

Mwenyekiti akasimama. Hajabadilisha mawazo, alisema hivyo waziwazi. Wasichana walikosea. Shule si ya kusifu makosa. Watu wakapiga makofi, na siyo machache. Niliona Mumbi amesimama nyuma na wenzake, mkono umeshika kola ya sweta.

Prinsipo akaongea kidogo tu. Alisema hana ubishi kwamba walikosea. Alisema wanajua kuliko sisi sote, na wanaamka alfajiri kila siku na kosa hilo mgongoni kuja kusoma. Akauliza ni mzazi gani hapo amewahi kumfundisha mtoto kutembea kwa kumfungia mlango. Akakaa.

Kisha mzazi mmoja akauliza swali la maana. Hao watoto wako wapi sasa, kama chumba kimefungwa?

Mama Wahu akasimama, Tani kiunoni. "Wako kwangu. Wanakula vizuri."

Kicheko kilianzia ukutani kikashuka. Mzee mmoja wa nyuma, wa rika hilo hilo lao, akaita, "Mwenyekiti! Nimesikia Njuguna alikuja kwako ukampa kuku. Sasa mtu unampa kuku halafu unamfungia nje na kufuli?"

Sasa wazee wote walikuwa wanaangalia Gacheru. Si kama wazazi. Kama rika.

Akakohoa. Akatoa kofia, akairudisha. Nilidhani amekwisha. Simjui huyo mzee vizuri.

Akaupandisha mkono. Akasema ndiyo, amefunga, na ataendelea kufunga. Na tena anataka kujua nani aliruhusu watoto wakae mle! Aliingia mwenyewe kukagua. Sakafu ni simiti tupu. Unyevu unapanda ukutani. Upepo unaingia chini ya mlango. "Wakini wangu," akanguruma, "mtu niliyelima naye, ndiye mnamlaza kwa sakafu kama gunia la mbegu? Prinsipo, hiyo ni uongozi gani?"

Nikakauka. Prinsipo ameomba mbao za sakafu ile tangu siku ya kwanza. Kwa kamati. Kwa mwenyekiti huyo huyo! Mimi nilikuwepo. Nilishuhudia akikataliwa. Nikafungua mdomo, nikaanza kusimama.

Gambuti ikatua juu ya vidole vyangu vya mguu. Kwa uzito wote.

Prinsipo akainuka, gambuti bado iko palepale. "Asante, Mwenyekiti," akasema kwa upole kama msichana wa kanisani. "Kweli hilo lilinipita. Tunaomba mwongozo wako."

Gacheru akatoa mwongozo. Kamati italeta mbao. Jiko lenye bomba la moshi. Chini ya mlango pazibwe. Mpaka hapo watoto wabaki kwake, mahali pakavu. Na yeye atasimamia kazi mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu. Anayepinga asimame. Hakuna aliyesimama. Mimi nisingeweza hata nikitaka.

Habari ya prinsipo mwingine hakuna aliyeikumbuka.

Tukitoka nikamuuliza, "Kwa nini umekubali akuaibishe? Wazo ni lako."

Akasema, "Shosho, nilitaka sakafu."

Vidole vimevimba. Nimeviweka kwa maji ya chumvi. Nina furaha kiasi kwamba maumivu siyasikii vizuri.

Mumbi amesoma mpaka kwenye ugali. Kitabu kando ya sahani. Naivasha hajaitaja.


Jumamosi, 25 Oktoba

Sakafu. Vijana wa lori wamepiga misumari, Akinyi akapima, Mumbi akakata. Mbao za mwerezi, harufu tamu.

Gacheru amesimamia kwa kupiga kelele. Msumari huu umepinda. Ubao ule una jicho. Njuguna alikuwa mkononi mwake muda wote, na kila akigombeza mtu anamgeukia mtoto, "Si ndiyo, wakini?" Mtoto anamtemea mate.

Saa ya mchana kijana mmoja alichoka na kelele, akamwambia, "Boss, si ushike nyundo kidogo?" Gacheru akamkabidhi mtoto kwangu, akavua koti. Anajua kupiga msumari, huyo. Yeye na mzee wangu walijenga nyumba yangu.

Sikumwambia hilo. Amejikumbusha mwenyewe. Aliuliza kama paa langu bado linavuja pale mlangoni. Nikamwambia linavuja. Akasema atapita.

Prinsipo alileta mayai. Ya tetea. Bado yuko ofisini, ati sasa ni mfanyakazi.


Jumapili, 2 Novemba

Mumbi amepiga pasi sare, akaikunja, akaikunjua, akaipiga tena. Nimemwambia ataitoboa.

Anaogopa. Amesema, "Shosho, nikianguka je?" Nimemwambia akianguka ataanguka akiwa ndani ya chumba cha mtihani, siyo nje. Sijui kama hilo lilikuwa jibu zuri. Lakini alicheka, akalala mapema.


Jumatatu, 3 Novemba

Wameingia. Wote wako ukumbini.

Mumbi alimnyonyesha Njuguna mpaka dakika ya mwisho, akanipa, akashuka ngazi. Prinsipo alikuwa mlangoni mwa ukumbi, na viatu vya kawaida leo. Alimwekea kola vizuri.

Shule yote imenyamaza. Hata honi za malori sizisikii, au labda zimepita mapema.

Mama Wahu amekaa na Tani. Gacheru alisimama mlangoni, kofia mkononi kwa ajili ya Chebet. Akauliza kwa sauti ya chini, "Amelala?" Nikamwambia amelala. Akaangalia sakafu, akakanyaga ubao mmoja kuona kama unalia. Haukulia. Akaenda.

Jiko linawaka bila moshi. Nepi zimekauka.

Nimekaa chini, mgongo ukutani, mume wangu mapajani. Meno sasa ni mawili. Ng'ambo ya ukuta huu ni ukumbi. Mumbi anaandika huko. Mimi naandika huku, polepole, nisije nikamwamsha.